Chupa ya Kukaribishia Wageni

Watu husema mwanamke aliyeolewa na mlevi hana raha hata chembe. Wanaosema hivyo hawakumjua Mama Mapazia. Miaka yote ambayo mumewe alikuwa akinywa, mama yule aliishi kama malkia, na anayebisha aje tubishane.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu, kana kwamba duniani hapakuwa na fundi mwingine. Jioni alirudi amelewa tilalila, akagombana na kitasa, akalisalimu kabati, akaanguka. Hayo yalikuwa ya jioni, na jioni hupita. Asubuhi ndiyo ilikuwa sherehe ya mkewe. Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda, kichwa mikononi, macho mekundu, ulimi mzito, akisema, "Nisamehe, mama. Nisamehe." Mtu aliye katika hali hiyo hakatai kitu. Ukuta upakwe rangi ya samli? Upakwe. Mama mzazi wa Fundi asije kukaa nao mwaka huu? Asije. Binti asomee uhasibu, muziki auache? Auache. Mama Mapazia alisubiri mumewe afike kikombe cha pili cha chai, akasema lake, na nyumba ikaenda kwa amri yake mpaka jioni nyingine.

Halafu kulikuwa na mambo ya dukani. Duka lake la mapazia lilikuwa na kochi kuukuu karibu na meza ya kukatia, na kochi lile halikuwahi kupoa. Wanawake walikuja wakijitia wanatazama vitambaa, wakaketi, wakashusha sauti. "Pole, mama. Tumesikia ya juzi." Naye alijua kuipokea pole. Aliinamisha macho, akachomoa pini mdomoni, akasema, "Tutafanyaje? Ndiye mume wangu." Basi, hakuongeza neno. Wenzake walitikisa vichwa, wakasema una moyo wewe, mwingine angeshaondoka zamani, na kabla ya kunyanyuka walikuwa wameagiza mapazia ya sebule nzima kwa huruma tu. Kuna akina mama waliowaleta binti zao walioolewa karibuni waje wamtazame, wajifunze uvumilivu.

Halafu Fundi akaacha pombe.

Alikuwa amekwenda kutengeneza lifti ya jengo moja la ofisi. Alipitia baa kwanza, kama kawaida yake, kisha akapanda juu ya paa la lifti na mfuko wake wa spana, na usingizi ukamchukua huko huko. Watu wa jengo hawakujua. Waliitumia lifti yao, wakapanda nayo na kushuka nayo, na Fundi yuko juu ya vichwa vyao amelala usingizi wa pono. Alipofumbua macho, zege la ghorofa ya mwisho lilikuwa kiganja kimoja tu kutoka puani pake. Aliteremka kwa ngazi, na tangu siku ile hakuonja tena.

Alijiunga na kikundi cha watu walioacha, wanaokutana katika darasa la shule ya msingi na kukaa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwagusa kidevu. Huko alisimulia kisa cha lifti, wakampigia makofi. Huko huko alimwomba mkewe msamaha mbele ya kadamnasi, msamaha mmoja wa jumla, wa mambo yote tangu wafunge ndoa, wakampigia makofi tena. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Fundi aliona amemaliza. Tangu siku hiyo hakuomba radhi tena kwa lolote.

Na macho yakamfunguka. Alianza kuamka kabla ya mkewe. Alikuta bomba linavuja, akauliza tangu lini. Aliuliza kwa nini mama yake hajaja kukaa nao muda wote huo, na alipojibiwa kwamba mwenyewe alikubali, akasema, "Nilikubali nikiwa nani?" Siku moja alisimama sebuleni, mikono kiunoni, akautazama ukuta kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake. "Rangi hii," akasema, "sikuwahi kuipenda."

Dukani kukawa afadhali ya nyumbani kwa kidogo tu. Wanawake walikuja kumpongeza mtu ambaye hayupo. "Fundi ni shujaa, jamani. Tumwombee." Mama Mapazia alitabasamu, pini mdomoni, na moyoni akisaga meno. Nani alimwosha? Nani alimwokota mlangoni? Leo shujaa ni aliyeanguka, na aliyemwinua hata hatajwi. Pole zilikwisha, kwani pole ya nini tena? Mume mzima, mwenye afya, anakunja mashati yake mwenyewe. Binti za watu waliacha kuletwa.

Lakini aliyemmaliza kabisa ni binti yake wa kumzaa. Msichana yule wa chuo alikuwa akila chumbani kwake miaka yote ili asiuone uso wa baba yake. Sasa alikaa naye jikoni wakimenya viazi na kucheka. Mama akiingia, kicheko kilipungua. Hakikukatika, kilipungua tu, kwa adabu, kama watu wanavyopunguza redio akipita mgonjwa. Mama Mapazia aliona wivu, wivu mbichi kabisa, na wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Je, alimtakia mumewe kifo? Hapana, tusimsingizie. Hakutaka hata alewe kila siku kama zamani. Alitaka asubuhi moja tu. Asubuhi moja Fundi aketi ukingoni mwa kitanda, kichwa mikononi, aseme nisamehe, mama. Naye angemsamehe. Alikuwa na msamaha mwingi, umemjaa mpaka kooni, na hakuwa na wa kumpa.

Jumapili moja akaja mdogo wake. Huyu alifanya kazi katika ofisi ya kupanga safari za watu, na tangu utoto alikuwa na tabia ya kumwogopa dada yake. Walikaa mezani, mdogo akafungua picha kwenye simu.

"Dada, mkitaka kupumzika wikiendi, sehemu zipo. Kuna hii ya maporomoko ya maji. Mnalala kwenye vibanda vya mbao, kimya, hewa safi. Shemeji ataipenda."

"Na goti langu hili nikatambae kwenye mawe?"

"Haya, kuna chemchemi za maji ya moto. Mnaingia majini, mnakandwa mwili."

"Nikavue nguo mbele ya watu wazima wenzangu? Na ile je?"

Ile alikuwa ameshaiona tangu mwanzo, kidole cha mdogo wake kilipoipita haraka. Vilima, mizabibu imepangwa mistari mistari mpaka macho yachoke, nyumba nyeupe yenye baraza pana, na meza barazani imejaa glasi nyekundu.

Mdogo wake aliirudisha ile picha. "Ile ni kule kwenye mashamba ya zabibu. Wanatengeneza mvinyo wenyewe. Mkifika mnakuta chupa chumbani, ya kukaribishia wageni. Mchana mnazungushwa kwenye mapipa, mnaonjeshwa. Jioni chakula, kila sahani na mvinyo wake. Dada, ile siyo ya shemeji."

"Kwa nini?"

"Si unajua."

"Najua nini? Mtu akishaacha ameacha. Au tumfungie ndani kama kuku wa mayai? Kikundi chake chenyewe kinamwambia asiishi kwa hofu." Kweli walimwambia hivyo, ingawa sidhani kama walimaanisha apelekwe akalale kati ya mapipa. "Mimi nataka kuona vilima. Tangu niolewe sijapelekwa popote zaidi ya misibani."

Mdogo wake akasema kwa sauti ya chini, "Basi nitawaambia waiondoe ile chupa ya chumbani."

"Usiwasumbue watu na kazi zao," akasema Mama Mapazia, akamwongezea chai.

Fundi alipoambiwa, kijiko kilisimama njiani kabla ya kufika mdomoni. "Zabibu," akasema.

"Vilima, mume wangu. Zabibu ziko pembeni tu." Aliinamisha macho kama alivyozoea dukani. "Miaka yote nilikuwa nakusubiri wewe urudi nyumbani. Hata siku moja hujanitoa."

Lilikuwa neno la kweli, ndiyo maana lilichoma. Fundi akaweka kijiko chini.

"Tutakuwa wawili tu?"

"Sasa nitakwenda na nani mwingine?"

"Basi twende," akasema Fundi, na uso wake ulikunjuka kama wa mtu aliyekaribishwa ndani baada ya kusimamishwa nje kutwa.

Binti hakufurahi. Alimfuata mama yake jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama, sehemu zote hizo umeona huko tu?"

"Nimepapenda."

"Baba hawezi. Akipita mtu amebeba kreti, mikono inamtetemeka. Nimemwona kwa macho yangu."

Mama yake alikuwa akifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Wewe ulikuwa huwezi kukaa naye meza moja. Leo umekuwa wakili wake. Nani alikuwa anamvua viatu?"

"Wewe. Ulimvua viatu, na matapishi yake ukayaacha hapo hapo juu ya viatu, ukaviweka kando ya kitanda ili akiamka avione kwanza. Nilikuwa mtoto, mama, sikuwa kipofu."

Mama Mapazia hakumpiga. Alikunja kitambaa, akakitundika, akamwambia binti yake kwamba kama nyumba hii imemchosha, mlango uko wazi, na kwamba mwenye kulipa karo ya chuo anaweza pia kuacha kulipa. Binti akatoka. Hakulizungumzia tena jambo lile, kwa sababu alitaka kumaliza masomo, na mama yake alilijua hilo vizuri kabla ya kulisema.

Huko dukani, habari za safari zilipokelewa kwa vikohozi. Kwenye mvinyo? Fundi? Mama Mapazia alichomoa pini mdomoni, akashusha pumzi. "Nimemwambia," akasema. "Nimemwambia mume wangu, huko kunakufaa kweli? Lakini mwanamume akishaamua." Wanawake wakatazamana. Mmoja akaketi. Mwingine akasogea ampe nafasi mwenzake. "Pole, mama," akasema yule wa kwanza. "Uwe naye karibu tu huko." Kochi likaanza kupata joto hata kabla ya safari, na siku ile aliuza kuliko alivyouza wiki nzima.

Nyumbani aliyejiandaa kwelikweli ni Fundi. Alilipeleka gari likaguliwe breki, akaona vijana wa gereji hawajui kazi, akalirudisha nyumbani akalikagua mwenyewe. Alisoma njia kwenye ramani ya simu mpaka akajua pa kujaza mafuta na pa kunyoosha miguu. Alinunua kofia ya majani yenye ukingo mpana, akaivaa ndani ya nyumba, akajitazama kwenye kioo cha kabati.

"Si nafanana na mwenye shamba?"

"Unafanana na uyoga," akasema mkewe, na wote wawili wakacheka, kicheko cha enzi za uchumba, kabla mambo hayajaingia nyongo.

Hapo, lazima niseme ukweli, mama yule alisitasita. Jioni ile walikaa nje mlangoni, Fundi akimweleza alivyopanga. Asubuhi wangeamka mapema, wakaketi kwenye baraza lile na chai yao, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mizabibu. Wageni wengine wakienda kuonja, wao wangetembea.

"Nataka tuongee," akasema. "Kikundini nasema nilikuwa hivi, nilikuwa vile. Lakini wewe sijawahi kukuuliza ulikuwa unaishije na mimi. Nataka nikuulize taratibu, na wewe unijibu, hata kama nitaumia."

Moyo wa Mama Mapazia ulilegea. Alifikiri: asubuhi nimpigie mdogo wangu, abadilishe, twende kwenye maporomoko, goti nitalikanda. Alikuwa ameshafungua mdomo amwambie.

"Na tukirudi," Fundi akaendelea, akinyoosha miguu, "tulitoe lile pazia la sebuleni. Limekaa kama sanda. Mama nimeshamwambia aje akae na sisi mwezi ujao."

Mkewe akafunga mdomo.

Kesho yake alingoja dukani mpaka mteja wa mwisho alipotoka, akaipigia ile nyumba ya wageni yeye mwenyewe. Akapokewa na msichana wa mapokezi mwenye sauti ya bashasha.

"Ile chupa ya kukaribishia wageni," akasema, "naomba ziwe mbili. Nyekundu. Mzifungue kabla hatujafika, ili mvinyo upate hewa. Na msiziweke mezani. Ziwekeni kwenye kijimeza cha kando ya kitanda, upande wa dirishani. Mume wangu hulala upande wa dirishani."

"Bila shaka, mama. Mzee ni mpenzi wa mvinyo?"

"Sana. Ila ana haya, hawezi kuagiza mwenyewe. Mkimwona anakataa msimsikilize, mmiminieni tu."

Akakata simu, akarudi kwenye kitambaa cha watu, na mkasi ukaenda sawasawa bila kuyumba.

Ijumaa alifunga duka kabla ya mchana. Wanawake walimsindikiza mpaka barabarani na pole zao, naye akatembea kwenda nyumbani akiwa mwepesi kama msichana. Alikuta gari limeoshwa na binti yake anafuta vioo kimyakimya. Chumbani sanduku lilikuwa wazi juu ya kitanda, na Fundi alikuwa anakunja shati. Hakugeuka.

"Nimepiga simu kule jana," akasema.

"Kule wapi?"

"Kwenye vilima vyako. Nilitaka nikufanyie kitu. Nilitaka ile chupa waitoe, mahali pake waweke maua. Wewe kila siku unawachagulia watu rangi za nyumba zao, nikasema leo na yeye achaguliwe. Nikajitambulisha kwa msichana wa mapokezi, nikamwambia nakuja kesho na mke wangu. Akacheka. Akasema, mzee, mkeo alishatuambia una haya."

Aliweka shati sandukuni, akalilaza kwa kiganja.

"Akanieleza yote. Mbili. Nyekundu. Zimefunguliwa. Upande wa dirishani. Akasema una bahati mzee, wake wengine wanaficha."

Mama Mapazia alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kisha akafanya lile alilolijua. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaficha uso, akalia. Alilia vizuri, maana mazoezi alikuwa nayo. Alisema hakueleweka, yule msichana anapiga chuku. Alisema alitaka kumpima tu, aone kama kweli amepona. Alisema yeye ni mwanamke aliyeteseka, na dunia nzima inajua. Fundi aliendelea kukunja nguo mpaka kilio kikaishiwa pumzi.

"Umemaliza?" akauliza.

Akachukua shati jingine.

"Nitakwambia kitu ambacho kikundini sijakisema, na sitakisema. Mimi si shujaa. Kila nikitoka kazini napita pale kwenye baa ya kona, nasimama. Wiki iliyopita niliingia. Nikakaa, nikaagiza. Mhudumu akachelewa, nikakasirika, nikatoka. Hicho ndicho kilichoniokoa, mhudumu mvivu. Nikarudi nyumbani nimeshakata shauri. Nikasema tukitoka kwenye vilima, tukishakaa vizuri wawili, naenda kuagiza tena na safari hiyo nasubiri. Nilikuwa nimechoka, mke wangu. Nilitaka siku mbili nzuri, halafu nianguke."

Alikuwa anasema polepole, bila kupandisha sauti, na hilo lilimtisha mkewe kuliko makelele yote ya zamani.

"Ungekaa kimya tu," Fundi akasema. "Ungenipeleka hata kwenye maporomoko. Jumatatu ningekuwa nimelala pale mlangoni, na Jumanne asubuhi ungenikuta hapo hapo ulipokaa wewe, nakuomba radhi. Yote uliyokuwa unayataka yalikuwa njiani, yanakuja yenyewe. Hukutakiwa kufanya kitu chochote."

Mama Mapazia aliinua uso. Alimwamini. Hilo ndilo lilikuwa baya, kwamba alimwamini neno kwa neno, na kabla ya kuona aibu aliona majuto, na majuto yenyewe hayakuwa ya kumtega mumewe. Alijuta kwa kutosubiri.

"Sasa sina kiu," Fundi akaendelea. "Jana nilipokata simu iliisha, kama mtu amefunga bomba. Nimeomba, nimelia, nimekaa kwenye viti vya watoto, haikuisha. Wewe umeimaliza. Kila ikitaka kurudi nitakusikia wewe unawaambia wanimiminie. Sitalewa tena mpaka unizike au nikuzike. Nitaamka mzima kila asubuhi, kabla yako, na kila asubuhi nitakuwa najua wewe ni nani."

"Basi tusiende," akasema mkewe.

"Tunakwenda. Nimewaambia chupa zibaki zote mbili. Kile kijimeza tu ndicho wakihamishie upande wako."

"Mimi sinywi. Unajua mimi sinywi."

"Najua. Utalala nazo tu." Alivuta zipu ya sanduku mpaka mwisho. "Hebu vaa lile gauni la buluu. Linakupendeza."

Alipotoka na sanduku, Mama Mapazia alibaki peke yake, na hapo yakaja machozi mengine. Alishangaa yalivyokuwa tofauti. Hayakuwa na sauti, wala hakujua ayafanye nini. Miaka yote alipokea pole za vitu ambavyo, tukisema ukweli, havikumuuma sana. Sasa alikuwa ameumia mpaka kwenye mfupa, na alipoliwaza kochi la dukani na nyuso zote zilizopita pale, hakupata hata mwanamke mmoja ambaye angeweza kumweleza hili. Angeanzia wapi? Akavaa lile gauni la buluu.

Nje, jirani wa nyumba ya pili, mteja wake wa siku nyingi, alikuwa amesimama langoni. Fundi alimfungulia mkewe mlango wa gari, akamshika kiwiko alipokuwa akiingia, akamfunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe. Jirani aliweka mkono kifuani.

"Jamani, hebu waone hawa. Ndiyo mnakwenda?"

"Mwambie, mke wangu, tunakwenda wapi," akasema Fundi.

"Kwenye mashamba ya zabibu," akasema Mama Mapazia.

"Na wewe Fundi, huogopi? Sisi huku tulikuwa na wasiwasi na wewe."

"Siogopi kitu." Fundi alizunguka akaketi kwenye usukani. "Huyu hapa ndiye dawa yangu. Bila yeye ningesharudi kule, na sisemi kumpaka mafuta."

Jirani akainama dirishani, akaushika mkono wa Mama Mapazia. Akamwambia kwamba Mungu ameuona uvumilivu wake, na sasa analipwa akiwa hai, wengine hulipwa makaburini. Binti alikuwa amesimama kando na kitambaa chake cha vioo, akimtazama mama yake. Mama Mapazia alimng'ang'ania jirani vidole. Alitaka abaki kidogo, aulize swali moja tu zaidi, ayaone macho yake yalivyovimba. Na jirani aliyaona. Alidhani ni furaha, akatoa leso akampa.

"Una bahati wewe," akasema. "Sema kweli, huna bahati?"

Fundi alikuwa ameshika ufunguo, hajawasha, anangoja jibu.

"Nina bahati," akasema Mama Mapazia, na gari likawaka.